Kasi ya Mzee Kikapu

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Uliye jikoni, punguza moto. Uliye njiani, punguza mwendo. Leo tunamkumbuka fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaani kwake walimwita Chura. Alifariki wiki sita zilizopita, akiwa na miaka arobaini na saba. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: fundi wa kuchomelea, jina la mtaani Chura, miaka arobaini na saba.

Aliyetusimulia habari zake ni mdogo wake wa kike, mshonaji wa sare za shule. Kaka yake hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Macho. Macho alikubali kuzungumza nasi kwa sharti moja. Alisema, "Mtangazaji, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema nilichokifanya. Ukishasema, ndiyo utupe pole." Basi tutasema, ingawa wengine mtanilaumu.

Tuanze mbali kidogo. Chura alikuwa na miaka kumi na mbili, Macho ana minane. Mjomba wao alifika siku moja na boksi lililofungwa kamba. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu iliyokwishatumika, padi moja ya kushika mkononi, na kaseti moja. Kaseti moja tu, wasikilizaji. Jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kuzisoma. Ukiiwasha, unamwona mzee mfupi mwenye kikapu mgongoni. Anakimbia juu ya mapaa ya nyumba. Kati ya paa na paa pana pengo. Asiporuka, anatumbukia, na unaanza upya. Watoto wakamwita Mzee Kikapu.

Ninyi mliokulia enzi zile mnanielewa. Kaseti ikigoma, unaichomoa, unaipuliza. Ikigoma tena, unaipuliza zaidi, mashavu yamejaa. Mama yao alikuwa akipita na ndoo ya nguo anauliza, "Mnapuliza moto gani huo usiowaka?" Nao hawana habari naye.

Kazi waligawana. Padi ilikuwa ya kaka. Mdogo mtu alikaa chini, karibu kabisa na televisheni, upande wa kulia, kule mapengo yanakotokea. Akiona pengo anapiga kelele, "Ruka!" Hapo ndipo alipopata jina la Macho. Nilimuuliza kama hakuwahi kudai zamu yake. Akacheka kidogo. "Nilidai siku moja. Mzee Kikapu akafa paa la kwanza. Nikarudi kwenye kazi yangu."

Na jina la Chura je? Huyu bwana mdogo hakujua kuruka kwa kidole peke yake. Mzee Kikapu akiruka, naye anaruka, miguu yote miwili, padi mkononi. Waya unavutika, mashine inaanguka kutoka kwenye stuli. Mama akamaka, "Huyu nimezaa mtoto au nimezaa chura?" Basi, imekwisha hiyo. Miaka ishirini baadaye alipofungua karakana yake, aliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: CHURA, MAGETI NA MADIRISHA. Watu wazima na heshima zao walikuwa wakipiga hodi, "Samahani, Bwana Chura yupo?"

Gemu ile haikuwa na namna ya kuhifadhi ulipofikia. Ukizima, umeanza upya. Na baba yao, mpiga chapa, akirudi kazini hakuwa na mchezo na taarifa ya habari. Alizima bila kuuliza. Kwa hiyo kila siku ilianza paa la kwanza. Mapaa manne ya mwanzo watoto wale waliyajua kuliko njia ya kwenda shule.

Haya. Miaka ikapita. Chura akaoa, akapata binti mmoja ambaye sasa ni mwalimu. Mkewe alifariki binti akiwa bado mdogo. Chura akachoma vyuma, akamsomesha. Kisha kisukari kikaja. Kwanza kilimchukua macho. Akiwa na miaka arobaini na mitatu, alipima geti la mteja kwa kupapasa, akalikata fupi kwa kiganja kizima. Siku ile alifunga karakana mwenyewe akampa jirani ufunguo.

Baada ya macho, figo. Daktari akasema ni lazima damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Bila hivyo, hana siku nyingi. Narudia, kwa sababu mambo yote yanageuka hapa: mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, bila hivyo hana siku nyingi.

Macho akamchukua kaka yake, akamtandikia kitanda katika chumba chake cha kushonea. Cherehani huku, kitanda kule, sare zimening'inia katikati. Chura alikwenda kusafishwa damu mara tatu, mara ya nne akakataa. Saa nne nzima kwenye kiti kile, alisema, akirudi hajiwezi hata kushika kikombe. "Macho, mimi si tangi la maji. Niacheni." Macho akambembeleza. Akamgombeza. Akalia. Binti alipiga simu kutoka kazini akalia naye. Chura aliwageuzia kisogo wote wawili.

Macho anasema siku ile alikuwa hana hili wala lile. Alipanda kiti kutafuta kitambaa juu ya kabati, mkono ukagusa boksi la zamani. Akalishusha. Aliunganisha waya kwenye televisheni nzito ya mgongo ambayo alikuwa akiiwekea nyuzi juu.

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Shika hii."

Chura akaipapasa padi. "Unanitania? Kipofu na gemu?"

Macho akachomeka kaseti. Akawasha. Muziki ukaanza, ule wa kurudiarudia, na chini yake visigino vya Mzee Kikapu vikigonga paa, ko, ko, ko, ko. Vidole vya Chura vikajipanga vyenyewe. Macho akaona pengo la kwanza linakuja, akafungua mdomo.

"Nyamaza," Chura akasema. "Nasikia."

Akaruka. Paa la kwanza, la pili, la tatu. Pengo la nne ni refu. Pale muziki unanyamaza kidogo, kimya kama cha kuvuta pumzi, na ni lazima uruke ndani ya kimya kile kile. Akaruka. Macho alipiga ukelele hadi majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Wakamkuta kipofu amekaa kitandani, anacheza gemu, anacheka mpaka anakohoa.

Tangu siku ile wakawekeana ahadi. Jumanne na Ijumaa, kusafisha damu. Akirudi, akishapumzika, Mzee Kikapu. Hakukosa hata siku moja. Kwa miezi minane, wasikilizaji. Binti yake, yule mwalimu, alituambia: "Baba alikuwa ananipigia simu kunihesabia mapaa. Amefika la tisa, amefika la kumi. Nilikuwa nimeshazoea kuzungumza naye habari za vidonge tu. Akarudi kuwa baba."

Kisha mashine ikafa. Ilikuwa Jumatano. Harufu ya kuungua ikajaa chumbani, na wa kwanza kuisikia ni Chura. "Chomoa. Hiyo ni waya." Maisha yake yote aliishi na harufu ya vitu vinavyoungua.

Macho akaifunga ndani ya sweta la shule akaipeleka kwa fundi wa televisheni. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa. "Dada, huyu ametutoka. Mpaka nipate kipuri, na cha hizi sijui nitakitoa wapi." Macho akamwambia hana muda, Ijumaa inakuja. Fundi hakujua Ijumaa ina nini, lakini aliona uso wa mteja. Akafikiri. Akasema anacho kimashine kidogo kipya, kinasoma kaseti zile zile. Anaweza kutoa matumbo ya zamani akakiweka hicho ndani. "Ganda lile lile, padi ile ile. Mwenyewe hatajua."

Macho akakubali haraka. Alimwambia fundi mengi siku ile, ila hakumwambia kuwa mchezaji haoni. Anasema halikumjia hata kidogo. Kwake Chura alikuwa mchezaji, basi.

Alhamisi akarudi nayo. "Imepona!" Chura akaipapasa. Kovu la kona, aliloiachia utotoni, lipo. Akatabasamu. Macho akawasha.

Pengo la kwanza, Mzee Kikapu akatumbukia.

"Ngoja," Chura akasema. Akaanza tena. Akatumbukia. Tena. Akatumbukia. Akakaa vizuri, akainamisha sikio. Halafu akauliza swali. Macho alilirudia mbele yangu kwa sauti ya kaka yake, na ninaomba mlisikilize.

"Macho, mbona muziki unakimbia?"

Akamjibu, "Haukimbii, kaka. Ni ule ule."

Je, alidanganya? Nilimuuliza. Alisema yeye hakusikia tofauti yoyote. Lakini hata angesikia, asingesema. Alikuwa ameshika roho mkononi. Aliogopa kaka akianza kuichunguza mashine atagundua matumbo si yenyewe, ataona amefanyiwa mchezo wa kitoto, na kesho ni Ijumaa. "Nilitaka ainyamazie tu mpaka kesho ipite," alisema. Akaongeza, "Na yeye aliniamini. Nilikuwa macho yake. Nikisema ni ule ule, ni ule ule."

Chura alianguka mara kumi na tisa. Macho alizihesabu bila kutaka. Mwishoni alijaribu kumsaidia kama zamani, "Ruka!", lakini kidole kilichelewa kila mara. Chura akaiweka padi juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Basi ni mimi," akasema. "Macho yalikwenda. Figo zikaenda. Nilidhani masikio na akili nimeachiwa."

"Umechoka tu, kaka."

"Usinionee huruma, Macho."

Ijumaa hakwenda. Jumanne hakwenda. Alisema hawezi kukaa saa nne kwenye kiti kulinda mwili ambao mwenyewe amekwisha kuuhama. Ijumaa ya pili walimbeba kwa nguvu, majirani wawili na Macho, akaenda shingo upande. Ilikuwa mara ya mwisho. Miguu ikavimba. Kulala chali hakuweza tena, alilala ameegemea magunia ya vitambaa. Binti aliomba ruhusa, akaja, akapiga magoti. "Baba, kwa ajili yangu." Chura akampapasa kichwani. "Mwanangu, siwezi kukaa hapa mpaka nisahau hata wewe ni nani. Inaanza na gemu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtafuna. Hakuogopa kufa. Aliogopa akili yake inamtoroka, na ushahidi aliupata paa la kwanza. Na Macho, wasikilizaji, na yeye aliamini hivyo hivyo. Aliamini kaka yake anapotea. Alikuwa akishona kola huku machozi yanadondokea kitambaa, na akili yake haikumpeleka hata mara moja kwenye ile mashine.

Siku ya kumi na tisa tangu Chura alipokataa, fundi alipiga simu. Amepata kipuri kwenye mashine nyingine iliyokufa, na yale matumbo ya zamani yamefufuka. Aje ayachukue. Macho alikwenda kwa sababu alikuwa hajui aende wapi. Akabeba mashine ndani ya lile sweta, na kaseti.

Fundi akairudishia matumbo yake, akachomeka kaseti ili amwonyeshe. Muziki ukaanza. Ko. Ko. Ko. Ko.

Macho akasimama pale pale, mkoba unamteleza begani. "Mbona polepole?"

"Aah, za zamani ndivyo zilivyo," fundi akasema, bado anakaza skrubu. "Ile ndogo inakimbiza gemu. Hii ikipiga hatua tano, ile imepiga sita. Lakini haina neno. Mtu anaangalia, anajirekebisha mwenyewe, dakika moja ameshazoea."

"Na asiyeona?"

Bisibisi ikasimama. Fundi akainua kichwa. "Dada, hukuniambia haoni."

Nilimtafuta fundi yule. Hakutaka kurekodiwa. Alisema tu kwamba siku hizi kila mteja anamuuliza, mwenyewe wa kifaa ni nani na anakitumiaje. Watu wanamwona mbea.

Macho alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mashine kifuani ndani ya sweta la shule, viatu mkononi. Alifika nyumbani akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Pumzi ilikuwa imembana Chura, binti na jirani wamemkimbiza hospitali kwa gari. Macho akageuka, mbio tena.

Alimkuta wodini, kitanda cha karibu na dirisha, kipumulio puani. Saa saba mchana. Akainama sikioni kwake. Akasema yote kwa mkupuo, bila kupumua. Kwamba mashine haikupona, ilibadilishwa. Kwamba yeye ndiye aliyekubali. Kwamba ile mpya inakimbia. "Haukuwa wewe, kaka. Ulisikia vizuri. Uliniuliza mimi, na mimi nikakukatalia."

Binti aliyekuwa upande wa pili wa kitanda anasema uso wa baba yake ulilegea, mikunjo yote ikaachia.

"Kumbe," akasema. Akapumua. "Kumbe si mimi."

"Si wewe."

Akapumua tena, mara nyingi. Kisha akasema maneno waliyoyangojea kwa siku kumi na tisa. "Nipelekeni nikasafishwe."

Binti akatoka mbio kumtafuta muuguzi. Muuguzi akamwita daktari. Daktari akaja, akapima presha, akapima tena. Akawavuta pembeni. Presha imeshuka mno, moyo umechoka, mashine ya kusafisha damu itamuua. Wasubiri. Ikipanda kidogo watamwingiza. Macho alimshika daktari koti. "Lakini amekubali! Daktari, amekubali mwenyewe!" Daktari akasema, "Najua, mama."

Wakasubiri. Saa nane, presha haijapanda. Mashine ya gemu ilikuwa chini ya kitanda, na wodini televisheni hakuna. Chura akageuza kichwa. "Imba," akasema.

Macho akaelewa. Akaweka kiganja chake ndani ya kiganja cha kaka yake, pale padi ilipokuwa ikikaa. Akaanza kuimba ule muziki kwa pua, kwa kasi ya zamani, huku kidole chake kikigonga visigino vya Mzee Kikapu. Ko. Ko. Ko. Ko. Pengo la kwanza likafika. Alifunga mdomo asiseme neno. Kidole gumba cha Chura kikabonyeza. Pale pale hasa. Pengo la pili, kikabonyeza. Pengo la tatu, kikabonyeza, kwa uvivu, lakini pale pale. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Paa la nne. Pengo refu, lile la kimya. Macho akanyamaza. Akangoja.

Kidole hakikubonyeza.

"Nikapiga kelele," Macho aliniambia. "Wodi nzima iligeuka. Ruka! Ruka, kaka! Ruka!" Muuguzi alikuja akamwondoa kitandani kwa kumkumbatia. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache, alasiri. Ilikuwa Jumanne.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole. Pole kwako, mwalimu, binti wa marehemu. Pole kwa majirani waliombeba, na kwa wateja ambao wanalala salama nyuma ya mageti yake. Pole kwako, fundi wa televisheni, popote unaponisikiliza. Na pole kwako, Macho. Nimesema ulivyotaka, sikukusafisha. Lakini na mimi niseme langu: ulikwenda mbio kumwambia, na alikufa akijua hakuwa amepotea. Najua halikutoshi. Lisingenitosha hata mimi.

Ninyi mlio majumbani na wagonjwa, wazee, wasioona, nawaomba jambo dogo. Mtu wako akikwambia kitu fulani kimebadilika, usikimbilie kumwambia ni kile kile. Kaa naye. Sikiliza tena kile anachokisikia. Huenda ndiye pekee mwenye haki chumbani humo.

Macho yuko hapa studio. Ameileta mashine ya zamani, na kaseti. Alipoulizwa ni nani atashika padi, alisema hakuna, muiache mezani. Tunaiwasha sasa, kwa kasi yake yenyewe. Mtausikia muziki na visigino. Mzee Kikapu atakimbia mwenyewe mpaka pengo la kwanza, na hakuna wa kumrusha.